Madereva wa Mabatini Hawakugoma

Neema, mwenzenu wa ofisini, alikuja nyumbani kwangu Igogo wiki iliyopita na rasimu ya mpango mpya wa mabasi yaendayo haraka. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikampa kiti, nikampa chai, naye akanipa karatasi zake pamoja na ombi: niwaandikie nyinyi vijana maneno machache ya mawaidha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mratibu wa ule mradi wa kwanza, ule uliokufa. Nikavaa miwani nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye ukurasa wa changamoto, nikakuta juu kabisa mmeandika kwamba mradi wa awali ulikwama kutokana na mgomo na upinzani wa madereva wa daladala.

Nilimuuliza nani kaandika maneno hayo. "Tumeyakuta kwenye ripoti ya zamani, mama, tukayachukua." Hakuwa na nia mbaya, na chai yake aliimaliza vizuri tu. Lakini tangu siku hiyo nina hasira, na ni bora niwaambie mapema kwamba haya mnayoyasoma yameandikwa na mama mwenye hasira.

Madereva wa Mabatini hawakugoma. Nataka sentensi hiyo itoke kwenye mpango wenu kabla haujapelekwa juu. Ikibaki, siku ya kugawa kazi kwenye mabasi mapya kutakuwa na mtu atakayesema, kwa nini tuwaajiri watu waliotugomea? Na vijana wale wataachwa nje tena. Najua itatumika hivyo kwa sababu ilishatumika hivyo mbele ya macho yangu. Mawaidha mliyoomba nitawapa pia, mtayaokota humo humo njiani.

Tuanze na Mzee Bwire, maana bila yeye nisingejua kitu. Huyu alikuwa mkaguzi wa barabara za mjini nilipoajiriwa, mtu wa kofia ya ukili na maneno machache. Siku hizi nasikia mna kamera zinazohesabu magari zenyewe. Sisi tulihesabu kwa vizibo vya soda: unajaza mfuko wa kulia, na kila gari likipita unahamishia kizibo kimoja mfuko wa kushoto. Wenzangu wanaume walikuwa na suruali zao. Mimi ilibidi nishonewe mifuko miwili mikubwa kwenye gauni, na fundi aliyenishonea alinitazama kwa huruma sana. Asubuhi moja nilimletea Mzee Bwire hesabu yangu nikijisifu. Akaniuliza, "Ndani ya hayo magari walikuwemo nani, na walikuwa wanakwenda wapi?" Akanirudisha barabarani na mifuko yangu.

Mchezo wake mwingine ulikuwa huu. Anakusimamisha mahali pamoja, tuseme karibu na daraja la Mirongo, anakwambia taja kila unachokiona na mwenye nacho. Nguzo ya umeme ya nani? Bomba lile? Mtaro? Kibao cha matangazo? Mti? Kibanda cha vocha? Nilidhani ni utani wa wazee. Miaka mingi baadaye, nilipokabidhiwa mabasi yaendayo haraka, nilikwenda nikasimama Mabatini nikaucheza mchezo ule peke yangu, na jasho likanitoka. Lami ilikuwa ya ofisi moja, ukingo wa lami ni wa ofisi nyingine. Anayechora pundamilia barabarani siye anayemkamata asiyeheshimu pundamilia. Anayetoa leseni ya basi hajawahi kukaa meza moja na anayejenga kituo cha basi. Kila mmoja ana bosi wake, muhuri wake na mpango wake wa mwaka, na mipango hiyo haifahamiani.

Kuziunganisha zote hizo tuliundiwa kamati. Ndani ya kamati alikuwemo kila mwenye kitu barabarani, ila hakuwemo hata mmoja aliyeweza kumwambia mwenzake sogea akasogea. Mimi mratibu nilikuwa na mamlaka ya kuitisha kikao na kuagiza maandazi. Msicheke, maandazi nayo ni elimu. Ukiyaleta mwanzo wa kikao, wajumbe wanakula wanaondoka, kila mmoja ana kikao kingine. Yalete mwisho, baada ya maazimio. Hilo chukueni bure, na ndani ya miaka yote ile ndilo jambo pekee nililoamua bila kuomba idhini.

Watu wakizungumzia kushindwa kwa mradi wetu hupenda kusema wananchi hawakuwa tayari, mila zao, ubishi wao. Ngojeni niwasimulie jiwe.

Mnaujua mji wetu na mawe yake. Katika njia ya mabasi, kabla hujafika Mabatini, kulikuwa na jiwe kubwa ambalo ukoo mmoja ulikuwa ukifanyia tambiko tangu zamani. Kwenye kamati kila mtu aliniambia, hapo ndipo mila zitakapotukwamisha, jiandae. Nikafunga safari hadi upande wa Bujora anakoishi mkubwa wa ukoo ule, Mzee Ngassa, mfugaji. Nilimkuta anafunga ndama. Nikamweleza yote, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hiyo balabala itapita watu?" akaniuliza.

"Watu wengi sana, baba. Hata wa Kisesa huku."

"Basi ipite. Mtupe asubuhi moja, tuwaambie wenyewe."

Na kweli asubuhi moja walikuja na unga wa mtama na maji kwenye kibuyu. Wakasema na wazee wao taratibu, namna mtu anavyomuaga jirani anayehama, wakawaonyesha jiwe jingine juu ya mlima. Mchana walikuwa wamemaliza, na Mzee Ngassa akanipa mkono. Kazi ya mila ikaisha hapo. Kazi ya ofisi ndiyo ikaanza. Ofisi ya kwanza ikasema jiwe likipasuliwa linahesabika kama madini, lina kibali chake. Ya pili ikasema jiwe ni mazingira. Ya tatu ikasema liko nje ya hifadhi ya barabara, haliwahusu, na ya nne ikafungua ramani yake ikaonyesha kwamba liko ndani. Mvua zikanyesha zikaisha, zikanyesha tena. Siku moja nikakutana na Mzee Ngassa mnadani.

"Mama, lile jiwe bado lipo?"

"Bado, baba."

"Kumbe tuliwahamisha wazee wetu bule."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Jiwe lilipasuliwa hatimaye, na ofisi mbili zikagombania kokoto zake.

Sasa twende stendi, kwenye kiini cha hasira yangu. Mwenyekiti wa madereva wa Mabatini alikuwa Majura, Mjita mmoja wa mwili mkubwa na sauti ndogo, mpaka akiongea inabidi wote mnyamaze. Yeye ndiye aliyenikusanyia wenzake nyuma ya gereji, wamekaa juu ya matairi na madumu. Nikawaambia bila kupaka rangi: njia ya katikati itakuwa ya mabasi marefu peke yake, na magari yenu yatapungua barabara hii hatua kwa hatua. Na nyinyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kuyaendesha mabasi hayo.

Kijana mmoja akasema, "Mama, kwa heshima zote, hizo stori tunazijua. Basi likifika tu, utashangaa dereva kaletwa kutoka Dar na tai yake." Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

"Atakayeendesha ni wewe," nikamwambia. "Nasema mimi Mama Minza, na wote mnanisikia."

Hiyo ndiyo ahadi. Haikuwa ya wizara wala ya mfadhili, ilitoka kinywani mwangu. Wakaipokea, na sharti walilotoa lilikuwa moja tu, nalo lilihusu misiba.

Kwa msioijua stendi, niwaeleze desturi yao. Pale Mabatini gari lina zamu yake kwenye foleni, na watu wanaweza kushikana mashati kwa ajili ya zamu. Lakini dereva akifiwa, zamu yake haiguswi. Mwenzake analishika gari, analizungusha siku nzima, jioni analirudisha kwa mfiwa, na hakuna anayeuliza. Na akifa mtu wa stendi yenyewe, stendi nzima inakwenda kuzika na magari ndiyo yanayobeba waombolezaji. Sasa walitaka kujua kama kwenye mabasi marefu mambo yatakuwa hivyo. Mshauri wetu wa sheria akafungua mkataba wa mfano: ruhusa ya msiba ni kwa mzazi, mwenzi na mtoto. Basi. Majura akauliza kwa ile sauti yake, "Na shemeji yangu atazikwa na nani?" Mwanasheria akaufunga mkataba wake.

Tulibishana juu ya jambo hilo vikao kadhaa, na mwisho suluhisho likatoka kirahisi. Wafundishwe madereva zaidi ya wanaohitajika, wote wa stendi, ili mmoja akienda msibani mwenzake ashike usukani na basi lisilale. Kamati ikakubali, shingo upande. Wakaanza mafunzo kwenye basi refu la kuazima, uwanjani, wakiacha kazi zao kwa zamu ili wajifunze kukata kona. Aliyewashinda wote alikuwa Kulwa, binti aliyeanza kama konda akapanda hadi usukani. Lile basi alikuwa analigeuza wanaume wakiwa wamekunja mikono kimya. Narudia ili mnielewe: watu mnaowaandika kwamba walipinga, walikuwa uwanjani juani wakijifunza kuendesha mabasi yenu.

Basi la kwanza la majaribio likafika, jipya, linanukia plastiki. Vituo vya majaribio vilikuwa vimekwisha kujengwa katikati ya barabara, na jukwaa lililoinuliwa ili abiria aingie bila kupanda ngazi. Kamati nzima tukasimama jukwaani na miavuli yetu. Kulwa akalileta basi taratibu, akaliegesha ubavu kwa ubavu na jukwaa, akabonyeza kitufe. Tukasikia milango inafunguka, ila hatukuiona. Tulikuwa tunatazamana na vioo. Milango ilikuwa upande wa pili, upande wa kushoto wa basi, imefungukia njia ya malori.

Msikimbilie kucheka, kwa sababu kila aliyehusika alikuwa na haki. Waliojenga vituo walisema kituo kipo katikati kama mchoro unavyotaka, kwa hiyo ni basi lililopaswa kuwa na milango kulia. Walioagiza basi walisema mlango wa abiria lazima uwe kushoto, vinginevyo halipati leseni. Wa leseni nao wakathibitisha: basi linaloshusha abiria upande wa kulia linamshusha katikati ya barabara, ni hatari, hatuwezi kulipitisha. Tukawaambia, lakini huku katikati ndiko kwenye kituo. Wakasema kanuni haizungumzii vituo. Kikaoni nikapendekeza mabasi yabadilishane njia, la kwenda lipite upande wa la kurudi, ili mlango wa kushoto uelekee jukwaani. Njia ni ya kwao peke yao, itamsumbua nani? Afande aliyekaa mwisho wa meza akatikisa kichwa. "Nchi hii tunashika kushoto, mama. Nikikuruhusu wewe, kesho bodaboda watakuja na hoja zao."

Mchoro wa kituo na mchoro wa basi ilipitishwa na kamati ile ile, kwenye kikao kimoja, kurasa tofauti. Kila ofisi ilisoma ukurasa wake ikatia saini. Nilikuwemo, sikatai. Kwa hiyo mkikaa kwenye kamati yenu, someni ukurasa wa jirani kuliko wenu, na kila kikao muulize mtu gani akikataa kazi inasimama, kisha huyo mumfuate ofisini kwake na mumpe jioni yenu nzima.

Basi likafunikwa turubai kusubiri barua za kupita huku na huku. Katika kusubiri huko akafariki Mzee Lugata. Huyu ndiye aliyekuwa akipanga foleni ya Mabatini toka wengine hatujaolewa, mtu aliyejua kila dereva ana watoto wangapi na yupi ana homa. Kwao ni Bujora. Siku ya maziko stendi ikaondoka yote, magari yakifuatana kwenye barabara ya Kisesa, na mimi nilikuwa kiti cha mbele kwenye gari la Majura na kanga yangu kiunoni. Abiria waliotukuta njiani walijua ni msiba, wengine walipanda wakaja kuzika mtu ambaye walimfahamu kwa sauti tu. Jioni magari yalikuwa yamerudi barabarani yanapakia wanafunzi.

Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, mtu aliyepita Mabatini mchana akaona stendi tupu. Hakuuliza hata mama wa uji aliyekuwa amekaa pale. Akaenda kuandika: leo madereva wamegoma.

Siku chache baadaye mkuu wa mradi aliniita. Alikuwa mtu mstaarabu, hakuwahi kunipandishia sauti, na labda ndiyo maana maneno yake bado yananichoma. Aliniambia mgeni rasmi anakuja kukagua maendeleo, na mimi ndiye nitakayesoma taarifa, ambayo imeshaandaliwa. Niliisoma pale pale mbele yake. Ilisema kwamba mradi umechelewa kutokana na mgomo wa madereva wa daladala.

"Bosi, hakukuwa na mgomo. Walikwenda kuzika. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

"Najua, Mama Minza."

"Na kilichotuchelewesha ni milango. Nayo unaijua."

"Milango ni ofisi nne," akasema, akiwa anapanga kalamu zake. "Nikiitaja milango nimezigombanisha ofisi nne, na zote nazihitaji kesho. Madereva hawana ofisi."

Akaongeza kwamba hata hivyo kuna kampuni iliyo tayari kuja na madereva wake wenyewe, waliozoea, na kwamba kwa hali ilivyo ingekuwa vigumu kuwatetea wa Mabatini. Hapo nikaelewa taarifa ile ilikuwa na kazi gani. Ilikuwa inawatoa kazini watu ambao walikuwa hawajaanza kazi, na ilitaka wafukuzwe kwa kinywa kile kile kilichowaahidi.

Ningeweza kusema naumwa. Mume wangu alinishauri hivyo, na alinishauri kwa mapenzi, maana nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nilimwambia nikiumwa mimi ataisoma mwingine.

Siku ya siku ikafika. Maturubai, kwaya, ngoma, viti vilivyovalishwa vitambaa kana kwamba vinaolewa. Madereva wa Mabatini nao walikuja, wakasimama ng'ambo ya barabara, kwa kuwa hakuna aliyewawekea viti. Nilikuwa nimemwomba Kulwa alilete basi kituoni kama alivyofundishwa, na sikumwambia zaidi ya hapo. Mshereheshaji akanitangaza. Nikaishika maikrofoni, ile taarifa nikaiacha ndani ya mkoba.

"Mheshimiwa, kwa ruhusa yako, naomba kwanza twende wote kituoni tupande basi letu. Taarifa yangu nitaitoa huko."

Mkuu wa mradi alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Lakini mgeni rasmi alikwisha kunyanyuka, na mgeni rasmi akinyanyuka hakuna anayebaki kwenye kiti. Tukapanda jukwaani, viongozi mbele, kwaya ikiendelea kuimba. Kulwa akalileta basi hadi likakaribia kabisa jukwaa bila kuligusa. Milango ikafunguka kwa mlio wake. Mgeni rasmi akangoja. Akagusa kioo kwa kidole, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Tunaingilia wapi?"

"Upande wa pili, Mheshimiwa, kwenye malori."

Kwaya ikanyamaza, sijui nani aliwapa ishara. Nikasema kwa sauti ya kutosha kufika ng'ambo ya barabara: "Mheshimiwa, mradi huu umecheleweshwa na milango hii. Vituo vina haki, basi lina haki, leseni ina haki, ila hatujapata mtu wa kuamua nani abadilike. Nimepewa taarifa nisome kwamba madereva wamegoma. Sitaisoma. Siku inayosemwa walikwenda Bujora kumzika mwenzao, nilikuwa nao, na jioni walirudi kazini."

Mgeni rasmi alimgeukia Kulwa, ambaye kioo chake kilikuwa wazi.

"Wewe ni dereva wa daladala?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mligoma?"

"Nipo kazini, Mheshimiwa."

Aliondoka bila kunywa soda yake. Wiki haikuisha nikapata uhamisho, kwa manufaa ya utumishi wa umma kama wanavyosema, nikapelekwa kusimamia makaburi. Huko nilimalizia ajira yangu kwa amani, maana makaburini hakuna anayegombania njia ya katikati. Mradi wenyewe ulitulia, ukalala, ukafa bila mtu kuutangaza. Jukwaa bado lipo, wamachinga wanaanika mitumba juu yake na bodaboda wanapata kivuli.

Wapo wenzangu wa zamani ambao mpaka leo tukikutana kanisani wananiambia, "Ungesoma tu karatasi ile, mradi ungepona." Huenda ni kweli. Huenda mabasi yangekuwa yanapita sasa hivi, na kina mama wa Igoma wasingekuwa wanaamka alfajiri kugombea usafiri, na mimi ningekuwa na picha yangu ukutani nikikata utepe. Nimelifikiria hilo zaidi ya wanavyodhani, na kina mama wale nawaonea uchungu. Lakini wa kusoma karatasi ile watafute mtu mwingine. Mimi hata leo nisingeisoma, na mkitaka kuniita mkaidi, jina hilo nimelizoea.

Kitu kilichonitesa kilikuwa kurudi stendi. Niliwaahidi kazi, na kazi haikuwepo tena. Nilikwenda siku niliyopokea barua ya uhamisho, nikawakuta nyuma ya gereji kama siku ya kwanza, nikawaambia wazi kwamba mradi unaelekea kufungwa na ahadi yangu imeishia hewani. Nilitegemea matusi. Yule kijana wa stori za Dar aliinamisha kichwa. Kulwa alikuwa analia, na hakujificha.

Majura akasema, "Mama, kazi hatukupata, hilo tunaliona. Lakini ungesoma ile karatasi tungekosa kazi na jina lingechafuka. Sasa wakija tena tunaweza kwenda kuomba." Kisha akaniuliza, "Wakianza tena, wewe utakuwepo?"

"Nitakuwa nimestaafu, Majura."

"Basi utawaambia watakaokuwepo."

Watakaokuwepo ni nyinyi. Nimewaambia. Majura yupo hai, magoti yanamsumbua, lakini asubuhi bado anakaa pale stendi. Kulwa anaendesha kati ya Mabatini na Kisesa, na leseni yake ya basi refu amekuwa akiihuisha kila inapokwisha muda, wala hajawahi kupata basi refu la kuendesha. Nendeni mkawaone kabla hamjaandika mstari mwingine juu yao, na mkifika msalimieni Majura kwanza, mkae, mnyamaze, kwa kuwa sauti yake ni ndogo.

Kisha mkaifute sentensi ile. Msipoifuta, siku ya kuuwasilisha mpango wenu nitakuja na nitawaombeni maikrofoni. Kadi ya mwaliko sihitaji, na nauli ninayo.